Ndege wa Kulia

Josepha alijua kuchonga muhuri kuliko alivyojua kuomba radhi. Mpe ndala iliyokatika kamba, mpe na wembe, na kabla chai yake haijapoa atakuwa amekutolea nyota, kengele, au mtoto kwenye hori. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina pale mtaani Kanyenye: kadi za Krismasi za mkono, anga kwa rangi za maji, picha kwa mihuri. Na kwa kuwa ndala haidumu, alizoea kuchonga na kuchonga tena. Kengele ikichakaa aliipunguza ikawa jani, jani likilika alilitupa jalalani. Huruma kwa muhuri hakuwa nayo hata chembe, na hilo ndilo lililomponza.

Maana muhuri mmoja haukuwa wa ndala, wala haukuwa wake. Ulikuwa wa mbao ngumu nyeusi, mpana kama kiganja, umechongwa mti mmoja na ndege wawili juu yake, wametazamana. Mwenyewe alikuwa Bachubai, bibi wa Kihindi wa miaka themanini na kitu, mjane mwenye duka la vitambaa la mtaa wa pili. Kila Oktoba, kwa miaka kumi na mmoja, alimwazima Josepha muhuri ule, na kila Januari Josepha aliurudisha umeoshwa na kupakwa mafuta ya nazi. Sharti lilikuwa moja tu: kadi ya kwanza ya mwaka ni ya Bachubai. Alizisimamisha zote kwenye rafu moja na miungu yake, na hakuna iliyowahi kuondolewa.

"Huu ulikuja na bibi wa mume wangu," alipenda kusimulia, huku akiusugua kwa kidole gumba. "Toka Bagamoyo, ndani ya mzigo wa vitambaa, kichwani mwa mpagazi Mnyamwezi. Miezi mitatu kwa miguu! Watu wenu, Josepha. Waliubeba porini mpaka hapa bila kuukwaruza."

Josepha alicheka kila mara, akajisikia fahari, kana kwamba mzigo ule aliutua yeye.

Sasa sikia alichofanya. Mwanzoni mwa Oktoba, Samweli, mwalimu wa kwaya kanisani kwao, aliagiza kadi arobaini. Aliitazama ile ya mfano, ya mwaka jana, akakunja uso. "Dada, ndege wazuri, ila hii ni Krismasi. Nyota iko wapi?" Josepha angeweza kuchonga nyota ya ndala akaipachika pembeni. Lakini pembeni ilikaa vibaya, na mahali pazuri pa nyota palikuwa palepale aliposimama ndege wa kulia. Mkono ukatangulia, akili ikafuata. Wembe ulipita kwenye mkia, ukapita kwenye bawa, ukapunguza kichwa. Dakika chache tu, ndege akawa nyota ya pembe tano. Na tuseme kweli, ilikuwa nyota nzuri. Akaipuliza vumbi, akatabasamu, na tabasamu lilikuwa bado mdomoni alipokumbuka kwamba alichoshika hakikuwa ndala.

Alitafuta vipande sakafuni akavipata vitatu, vidogo kama punje za ulezi, na havikuwa na pa kurudi. Akasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki ijayo. Ikaja sikukuu ya Diwali, Bachubai akamwita kama kila mwaka, naye akaenda akiwa amejitanda khanga mpya, akakaa, akala vitamu vya ladu, akacheka. Ukimya una tabia hiyo, ukishauanza unaona aibu kuuvunja.

Katikati ya Desemba ujumbe ukaja. Mjukuu wa Bachubai, Nidhi, anaolewa Januari, na Jumamosi anafika kutoka Mwanza na mtandio wake mwekundu. Desturi ya nyumba ile Josepha aliijua vizuri: hakuna binti anayetoka kwenda kwa mumewe, wala bibi harusi anayeingia, bila pindo la mtandio wake kupigwa muhuri wa ndege wawili. Ndivyo alivyoolewa mama yake Nidhi, na ndivyo alivyoolewa Bachubai mwenyewe. "Alhamisi niletee muhuri," ulisema ujumbe, "na kadi yangu. Mwaka huu umechelewa, au umenisahau?"

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wahenga walisema, na Josepha siku hiyo alijiona uchi barazani kwake mwenyewe.

Badala ya kwenda kusema, alikaa kutengeneza kadi. Ndivyo alivyo binadamu, akibanwa na kosa hukimbilia anachokijua. Alilowesha karatasi nene kwa maji safi, akadondosha buluu juu, akaiinamisha taratibu mpaka rangi ikatembea yenyewe hadi katikati, akaikutanisha na zambarau kidogo. Kabla haijakauka akanyunyiza chembe za chumvi. Kila chembe ilikunywa rangi pale ilipoanguka na kuacha doa jeupe, na anga ikajaa nyota. Akasubiri. Muhuri haupigwi juu ya karatasi mbichi, wino utatapakaa. Hilo aliwafundisha wenzake miaka yote, na mwenyewe aliigusa ile karatasi mara nne kwa pupa.

Ilipokuwa ikikauka, alichukua ndala na kadi ya mwaka jana, akamchonga upya ndege wa kulia. Wa kwanza alitoka amempa mwenzake mgongo. Josepha, mwenye miaka kumi na mmoja kazini, alikuwa amesahau kwamba muhuri hugeuza picha! Akachonga wa pili. Kisha akapaka wino kwenye mbao kwa kipande cha sponji ya godoro, akigusa mti na ndege aliyebaki tu, akiikwepa nyota kama mtu anayeoga huku akikwepa kidonda. Akagandamiza. Akamleta ndege wa ndala, akampachika mahali pake.

Akatazama. Ndege wa mbao alikuwa na vistari vyembamba mbawani, unyoya kwa unyoya. Wa ndala alikunywa wino mwingi, akatoka mzito, mnene, bila unyoya. Josepha alimpitishia brashi yenye maji, akamwekea kivuli, akajiambia kwamba Bachubai ana mtoto wa jicho, siku hizi anakwenda hospitali ya Kitete kuangaliwa, haoni vizuri. Alipojisikia akisema hivyo alitaka kujizaba kofi.

Alhamisi mchana alikwenda. Muhuri aliuweka kikapuni chini ya khanga, pamoja na yule ndege wa ndala, bila kujua kama atavitoa. Alipanga kusema kwamba mtandio ataupiga yeye mwenyewe, nyumbani kwake, kwenye meza yake iliyo sawasawa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kadi yangu?"

Bachubai aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza puani kama anainusa, akaigeuzia dirishani. Alikaa nayo muda.

"Huyu ndege wa kulia," alisema yule bibi, "mbona amenenepa?"

Josepha aliinamisha macho kikapuni.

Ndipo Bachubai akaanza kucheka, cheko dogo la kitoto, mabega yakimtikisika. "Ana mayai huyu! Miaka yote wamekaa wawili tu, leo mke ana mayai. Tena mwaka anaoolewa Nidhi!" Akayafuta macho pembeni kwa ncha ya sari. "Sijaona dalili njema kama hii. Nitampigia simu sasa hivi. Na mtandioni nataka atoke hivi hivi, Josepha, mnene hivi hivi. Usimbadilishe."

Kama angegombezwa, angestahimili. Kufurahiwa kulimshinda. Aliona jinsi uongo wake utakavyokaa kwenye pindo la bibi harusi, ukiitwa baraka, ukisimuliwa kwa watoto na wajukuu, na yeye akialikwa kila Diwali kuusikia. Mficha uchi hazai, na aibu aliyokuwa anaificha ingewafuata hata watoto wa mwingine.

"Bibi, usipige simu," alisema. "Hana mayai. Ni ndala."

Akatoa muhuri, akatoa na ndege wa ndala, akaviweka mapajani mwa Bachubai. Akaeleza yote, kwaya, nyota, wembe, bila kujipamba. Alipofika mwisho alikuwa analia, na aliona haya kulia, maana aliyekatiwa ndege hakuwa yeye.

Kidole gumba cha Bachubai kilitembea juu ya mbao: shina, tawi, ndege aliyebaki, unyoya kwa unyoya. Kikavuka. Kikafika kwenye nyota, kikazunguka pembe zote tano, kikarudi kuzizunguka tena, kama mtu anayeingia chumba cha mwenziwe na kukuta kitanda hakipo.

"Lini?" aliuliza.

"Oktoba, Bibi. Mwanzoni."

"Diwali ulikaa kiti hicho hicho. Ulikula ladu tatu. Nilikufungia na za watoto." Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa umeshamkata?"

"Nilikuwa nimeshamkata, Bibi."

Bachubai alitikisa kichwa polepole. Akaurudisha muhuri kwenye kisanduku chake, akafunga kifuniko. Ndege wa ndala akamrudishia Josepha mkononi. Kisha akainuka, akaishika kadi, akapapasa ukuta hadi kwenye rafu, akaisimamisha mwisho wa safu, ya kumi na mbili.

"Usiiweke, Bibi, tafadhali. Nitakutengenezea nyingine."

"Kadi ya kwanza ya mwaka ni yangu," alisema Bachubai. "Tulikubaliana." Akabaki amekipa chumba mgongo, mkono bado rafuni. "Jumamosi njoo mapema, na wino wako. Mtandio utaupiga hapa, mbele yetu, kwa muhuri ulivyo. Nidhi atauliza ndege wa pili yuko wapi. Mimi sitamjibu."

"Nitakuja, Bibi."

Hakuagwa. Alibeba kikapu chake chepesi akaenda, na mlangoni akageuka. Kadi kumi na mbili zilisimama pembeni ya miungu, na macho mazima ya Josepha yaliona ndege mmoja tu, yule mnene wa kulia.