Usingizi wa Mteremkoni

Tuseme ukweli, Spoki hakuwa fundi wa kubahatisha. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na watu walimletea baiskeli zao azifunge mota na betri ili wapumzishe miguu. Lakini alikuwa na sharti. Kila mota ina waya mmoja mwembamba: ukiuunganisha, baiskeli inakwenda mwendo wa kistaarabu, ukiuachanisha, inakimbia kama pikipiki. Spoki aliuunganisha, akauzungushia utepe, na mteja aliyetaka ufunguliwe aliambiwa akatafute fundi mwingine. Breki zenyewe ni vipande vya mpira, angemwambia, zilitengenezwa kumsimamisha mtu anayekanyaga pedali. Halafu angeanza haraka haraka haina baraka, na wateja walikwisha kuizoea hata wakawa wanammalizia.

Baiskeli moja tu aliiacha waya wake wazi, ya mke wake. Kinyozi hajinyoi. Mke aliomba, na Spoki siku hizo hakuwa na kingine cha kumpa.

Basi siku ya mapumziko ya mkewe akaigeuza baiskeli ile juu chini uani. Mipira ya breki aliyoifunga majuzi tu ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana. Akapitisha kidole kwenye vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, kikakwama. Akafuta vumbi, akauona ufa, mwembamba kama unywele. Akakaa chini.  Alijua chuma kile kikikatika kwenye mwendo inakuwaje: gurudumu linatangulia, mtu anafuata kwa uso.

Akabadilisha vyuma, akafunga breki mpya, kisha akamfuata mkewe kwenye beseni la kufulia na kumweleza yote kwa upole, kama anavyoeleza wateja. Mwanamke alikuwa anakamua shuka la mama mkwe. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukamua.

"Wanaoanguka nawajua," akasema. "Mashuka yao nayafua mimi."

Na ni kweli, kazi yake ilikuwa kufua hospitalini. Mchana kutwa mashuka ya wagonjwa, jioni mashuka ya nyumbani. Ukimwangalia vidole utadhani vya mtu aliyezama majini. Akasema shukrani kwa breki, lakini waya ubaki ulivyo. Ile kasi inamwokolea muda kidogo asubuhi, na huo muda kidogo ndio anaopumulia, hana mwingine. 

Mapenzi nayo, bwana, yana ujanja wa kijinga. Mkewe alipoingia kuoga, Spoki akatoka uani kimyakimya, akauunganisha waya. Alijiambia atamweleza baadaye, akiwa ametulia. Mtu yule atulie lini?

Kesho yake jua halijapanda sawasawa akamwona anarudi, anaikokota baiskeli. Alikuta geti la hospitali limefungwa. Msimamizi alimwambia kupitia vyuma vya geti kwamba siku hiyo haihesabiwi, na akichelewa tena asijisumbue kurudi. Spoki akajikaza kungoja kelele, akazitamani hata, maana kelele angejua namna ya kuzijibu. Mkewe hakuwa na nguvu za kelele. Aliketi juu ya sanduku la vifaa, mikono mapajani.

"Umeunganisha waya," akasema.

Akakubali. Akajitetea kwamba bora kuchelewa kuliko kutofika kabisa. Mkewe akamwambia hayo akawahubirie wateja. Kisha akachezea kamba ya kiatu chake.

"Juzi nilisinzia," akasema.

"Wapi?"

"Mteremkoni. Nilifumba macho pale juu, nikafumbua niko chini. Hapo katikati sijui nani alikuwa anaendesha."

 Siku zote hofu ya Spoki ilikuwa ya mpira na chuma, vitu ambavyo mtu unanunua, unabadilisha. Aliyepanda hakuwahi kumkagua. Akamuuliza mbona basi asiondoke mapema, na hapo, jamani, kuna maswali ambayo mwanamume angeyameza tu. Mkewe akamjibu taratibu, kama anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Anaamka kabla ya jogoo, anachemsha maji. Anamgeuza mama, ambaye tangu apooze upande mmoja hawezi kujigeuza. Anamwogesha, anabadilisha shuka, anamlisha uji. Ndipo anapanda baiskeli. Na wewe wakati huo, akamwambia, unakoroma.

Haukuwa uvivu, tusimwonee. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Hilo nyumba nzima ililijua, ingawa hakuna aliyewahi kulitamka. Spoki aliamini mama angekufa kwa aibu. Na aibu ile ya mama, kusema kweli, ilimfaa sana, maana ilimlaza mpaka jua linatoka.

"Nitamwogesha mimi," akasema.

Mkewe alimtazama kama unavyomtazama mlevi anayeapa kuacha pombe. Akasema mama hatakubali. Akaenda kujilaza, hata viatu hakuvua.

Alfajiri iliyofuata Spoki aliizima kengele ya simu ya mkewe kabla haijalia. Akachemsha maji, akayapoza, akayapima kwa kiwiko kama alivyowahi kuona wengine wakifanya, akabeba beseni mpaka kwenye mlango wa mama yake. Akakohoa. Hakuitikiwa, akaingia.

Mama alikuwa macho. Akamwona mwanawe, akaliona beseni, akavuta shuka mpaka kidevuni kwa ule mkono mzima.

"Ameanguka?" akauliza.

Spoki akasema hapana. Mama akamwambia asimfiche, yeye ni mtu mzima, aambiwe tu.

"Amelala, mama. Nimemwacha alale."

Mama akafumba macho. Machozi yakamtoka, yakateremka upande ule wa uso usiosikia kitu. Maneno yake siku hizi yalitoka kwa kujikokota. Alisema mkwewe husinzia kila asubuhi akimwogesha. Kitambaa kiko mgongoni, kichwa kinamwangukia begani, na usingizi unamchukua palepale. Na yeye, mama, hajitikisi. Mguu ukikaza, anavumilia. Anamwonea huruma, anamwacha aibe usingizi kidogo.

"Akizinduka, amechelewa," mama akasema. "Anatoka mbio. Naisikia baiskeli ikilia pale nje, na moyo wangu haukai mpaka jioni nimsikie anarudi."

Spoki akabaki na beseni mikononi. Kumbe watu wawili walikuwa wakigawana uchovu mmoja kila alfajiri chumba cha pili tu, yeye kajifunika. Akauliza, kwa sauti iliyomtoka kama ya mtoto, mbona hakuambiwa.

"Ningekuambiaje? Njoo univue nguo?"

Spoki akaweka beseni chini. Akasema amekuja sasa.

"Umekuja," mama akasema. "Kila asubuhi nilijua, siku mwanangu atakapoingia na beseni hilo, mke wake atakuwa ameanguka. Nilikuwa naomba usije."

 Spoki akaloweka kitambaa, akakikamua, akaanzia miguuni, maana huko aliweza kutazama. Mama akageuzia uso ukutani, akaulegeza mguu ule mzima, akauacha uwe mzito mkononi mwa mwanawe.