Mukenea Wangu Maabarani

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikidanganya, punda wangu waanze kunisomea gazeti.

Mti wangu wa mukenea hapa Mutomo ndio mkali kuliko yote Kitui na Makueni. Fisi aliwahi kutafuna gome lake, akakimbia hadi Emali akitafuta maji. Kwa hivyo Daktari Kavindu wa chuo kikuu alipokuja kutafuta miti ya kikohozi, ipimwe kama inaviweza virusi vya korona, nilimwambia asisumbuke kuuliza wengine.

"Nitapima wako na wa Mama Nduku, Mzee," akasema. Akakata kipande cha gome kwa kila mti, cha kuhakikisha ni mukenea kweli, akatuagiza tukaushe mengine kivulini tumpelekee.

Mama Nduku ni Kasiva, jirani yangu, mweka hazina wa kanisa. Alicheka. "Mti wake huo, Daktari, hata mbuzi wanalala chini yake bila kupiga chafya."

Hapo hapo nje ya kanisa, watu wakisikia, nikatangaza: wangu ukishindwa, beberu wangu mwekundu ni wake.

"Na ukishinda?"

"Utanyamaza mwaka mzima, Mama Nduku."

Alikubali haraka mno, nikaingiwa na wasiwasi. Beberu yule watu hutoka mbali kule Tulia kuja kumpigia saluti.

Basi nikausaidia mti kidogo. Dawa ya kupe ninayoogeshea ng'ombe ilikuwa imebaki kwenye ndoo. Kitu kinachoua kupe sugu, nikajiambia, kitashindwa na kirusi kisichoonekana hata kwa miwani? Nikaloweka magome humo, nikaanika, nikapeleka.

Miezi ikapita, Kavindu akarudi, tukakusanyika pale pale. Akatueleza: kwenye vichupa wanakuza seli, wanaziambukiza virusi, kisha wanatia maji ya mti. "Wa Mama Nduku umepunguza virusi kidogo, na seli zikabaki hai. Si dawa bado, msianze kuchemsha mkauza. Ni mwanzo tu."

"Na wangu?"

"Wako, Mzee, virusi vyote vimekwisha."

Nikasimama, nikatikisa mabega mpaka kofia ikaanguka.

"Na seli zote pia," akaendelea. "Hakuna kilichobaki hai."

"Ni ukali huo!"

"Nilidhani hivyo. Nikapima kile kipande nilichokata mwenyewe. Seli zilistarehe, virusi navyo vikastarehe. Halafu tukaangalia magome uliyoleta yana nini. Mzee, tangu lini mukenea ukatoa dawa ya kupe?"

Nilifungua mdomo kueleza kwamba kupe wa huku hupanda miti kutafuta mtandao wa simu. Kasiva akanitangulia.

"Kumbe! Ng'ombe zako zimejaa kupe tangu Pasaka, Baba Musyoka, na wewe unaogesha mti!"

Mchungaji mwenyewe alijifunika uso na Biblia.

Nikaenda nikamfungua beberu, nikamkabidhi. Kasiva alimpanua mdomo akakagua meno, akainua mguu mmoja mmoja, akamnusa hata mgongo. Neno langu, alisema, siku hiyo lilihitaji kupimwa mara mbili.