Mguu Uliolishwa Supu ya Sato

Mvuvi Makoye alivunjika paja mwezi wa kwanza, mtumbwi ulipombana kwenye mwamba pale Kiriba, na tangu siku hiyo mkewe Gaudensia alimtunza kama yai. Plasta ilishatolewa, mfupa umeunga, lakini mume haruhusiwi hata kwenda kuota jua bila kubebwa. Supu ya sato asubuhi, supu ya sato jioni, utadhani paja linataka kuota magamba! Majirani wakamsifu, wakasema mke ndiye huyo. Hawakujua lililo moyoni mwake.

Gaudensia aliogopa mguu ule upone. Ziwa lilishamla kaka yake Isidori, wala mwili haukuonekana. Miaka yote ya ndoa alilala usingizi wa mang'amung'amu mume akiwa majini. Sasa mume yuko ndani, mzima, mkavu, wake peke yake. Alishaanza kupanga wahamie Bunda mjini kwa dada yake, wafungue genge. Na bado alimkumbuka! Alimkumbuka mumewe huku wamelala kitanda kimoja, maana huyu wa sasa haongei, hatanii, anakunywa supu na kugeukia ukutani.

Siku ya kurudi kupimwa, hospitalini Musoma, walipokewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Matrida, binti wa Butiama asiyempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alilishika paja lililonyauka, akaguna.

"Mama, huyu anatembeaga?"

"Anapumzikaga. Si mgonjwa?"

"Mfupa umepona. Mnachoua sasa ni msuli."

Akawaeleza kwamba ndani ya msuli kuna vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, mitokondria, na ndivyo vinavyotoa nguvu. Vikichakaa, seli huvivunjavunja, na vipande vyake hutumika kujenga vingine. Hata seli changa haiwi msuli mpaka iondoe mitokondria zake za zamani na kutengeneza mpya zenye nguvu zaidi.

"Na kutembea ndiko kunakoushtua mwili ufanye hiyo kazi," alisema. "Ukikaa tu, mbovu zinajazana."

Makoye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aumie. "Kumbe ni kama sisi wavuvi pale mwaloni Mwigobero! Injini ikifa tunaifunguaga yote, kifaa kizima kinaenda kwenye injini nyingine. Mama Dennis, umenijaza injini mbovu!"

Kicheko kile kilimchoma Gaudensia. Ndicho alichokitamani miezi yote hiyo, na aliyekizima ni yeye mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, nyumbani, Makoye aliomba bega la kujishikiza. Gaudensia hakumpa. Alirudi nyuma hadi mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Njoo mwenyewe, Baba Dennis."

Alikuja. Paja lilimtetemeka, jasho likamtoka, akatukana kwa lugha ya kwao, lakini alikuja, hadi akamfikia na kumkumbatia kwa mikono yote miwili. Gaudensia alifumba macho. Huyu ndiye mume aliyekuwa akimlilia, na alitamani wabaki hapo hapo wasisogee tena maisha yao yote.

Alipofumbua macho, Makoye alikuwa anatazama nje, juu ya kichwa chake, kule majini.

Gaudensia akamwachia, akasogea pembeni ya mlango, akampisha.