Zile Saba Nyingine

Mgeni alibisha hodi Jumapili asubuhi, Twyla Kessering akiwa jikoni na soksi moja mguuni, anasikiliza kondoo. Wiki mbili nzima alikuwa hafanyi jambo bila kuwasikiliza kwanza. Kila mlio kutoka malishoni aliuona kama umebeba habari mbaya, na mara kumi kwa siku alitoka mbio akakuta ni kondoo tu anamwita mwenzake.

Katika sehemu ile ya Nebraska hakuna mtu afuataye njia ndefu ya vumbi Jumapili asubuhi bila kupiga simu. Twyla alifungua mlango nusu. Mlangoni alisimama mzee mrefu, kofia mkononi, na nyuma yake gari la mizigo lililochakaa.

"Samahani, binti," mzee alisema. "Naitwa Orrin Zabel. Nimehamia nyumba ya marehemu dada yangu, kule nyuma ya kilima. Namtafuta mtu aliyepiga risasi Alhamisi jioni."

Macho ya Twyla yalikuwa yameshapita bega la mzee hadi kwenye kiti cha mbele cha gari. Pale alilala mbwa jike, mwenye manyoya ya kijivu yaliyochanganyika na hudhurungi, rangi ileile ya nyasi za mwezi wa tatu theluji inapoondoka. Mguu mmoja wa nyuma haukuwapo. Mahali pake palikuwa na bendeji nyeupe.

Rangi ileile ya nyasi, na rangi ileile ya koyote.

Msimu uliopita koyote, wale mbweha wa nyika, walimlia Twyla wana-kondoo kumi na mmoja. Alikuwa na kondoo majike thelathini na wanane tu, katika malisho ya kukodi. Mwenye ardhi, Bwana Lindholm, hakuwa mtu mbaya, lakini msimu huo ulipokwisha alimwambia waziwazi kwamba hasara kama ile ikitokea tena, malisho atampa mfuga ng'ombe. Twyla alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuwa na pa kuwapeleka kondoo wake. Ndiyo maana akaamua kujiundia bunduki.

Watu wa huko bunduki ya aina ya AR huinunua vipande vipande na kuiunga mezani jikoni, kama mtu aungavyo kitanda. Twyla aliiunga mwaka mzima. Duane, mwenye duka la bunduki mjini, alimwambia kuwa mwenye mfuko mwembamba aweke pesa kwenye mtutu na kifyatulio. Mengine yote ni mapambo, yasubiri. Alitii. Alinunua mtutu mzuri wa chuma kisichoshika kutu na kifyatulio laini. Darubini ya kulengea aliipata kwa mkono wa pili, na kitako kilikuwa cha plastiki iliyokwaruzika hata Duane akamtania kwamba bunduki yake ni bibi harusi aliyevaa ndala. Siku ilipokamilika Duane alimzawadia risasi chache za mashindano ili arekebishe darubini. Baada ya kurekebisha zilibaki tatu. Alizipiga zote kwenye karatasi ya shabaha, kwa yadi mia moja, na matundu yake matatu yakafunikwa na sarafu moja ya robo dola.

Kisha hela ikaisha. Akanunua sanduku kubwa la risasi za bei ya chini.

Na Alhamisi jioni, jua likizama, akaona mnyama wa kijivu anakatiza mteremko, mbali, zaidi ya yadi mia mbili. Akapiga. Mnyama akalia, akabingirika, akapotea. Twyla alikuta matone ya damu tu. Ijumaa alisimulia dukani kwa Duane, na wanaume waliokuwa wakinywa kahawa pale walimpigia makofi. Mmoja wao alimpa kofia.

Kofia hiyo ilikuwa inaning'inia sasa hivi nyuma ya mlango, kiganja kimoja kutoka uso wa mzee.

"Nimeuliza nyumba mbili," Orrin aliendelea taratibu. "Wote wanasema si wao. Huenda kweli si wao."

Twyla aliweza kusema hivyohivyo. Maneno yalikuwa tayari ulimini, mepesi kama maji. Mzee angeshukuru, angevaa kofia yake na kwenda nyumba ya nne. Lakini ndani ya gari mbwa aliinua kichwa akamtazama bila kinyongo chochote, akatikisa mkia mara moja.

"Ni mimi," Twyla alisema. "Nilidhani ni koyote. Mzee wangu, naapa nilidhani ni koyote."

Upepo ulipuliza mlango, na Orrin akauzuia kwa mkono ili usimgonge Twyla.

"Anaitwa Juniper," alisema. "Nami niliacha geti wazi. Kwa hiyo tupo wawili." Akatazama chini. "Vaa soksi ya pili, binti, utaugua. Halafu nionyeshe hiyo bunduki."

Twyla alimkaribisha ndani. Alimmiminia kahawa, nyingine akaimwaga mezani. Alimwambia kwamba gharama zote za daktari wa mifugo atalipa yeye, hata kama itabidi auze kondoo. Mzee alitikisa kichwa tu. Alikuwa amesimama mbele ya jokofu, anaitazama ile karatasi ya shabaha yenye matundu matatu, na sarafu iliyobandikwa kando yake kwa gundi.

Hiyo ndiyo desturi ya wawindaji wa nyika ile. Mtu hupiga risasi tatu, na zikikaa pamoja, karatasi ataibandika jokofuni au ataikunja aitie kwenye pochi, awe anaitoa mbele za watu kama picha ya mtoto. Hakuna aulizaye zaidi. Kuuliza zaidi ni kukosa adabu.

Orrin aliuliza. "Na zile saba nyingine ziko wapi?"

"Zipi?"

"Kumi kutoa tatu. Mimi nimelenga shabaha kwenye mashindano miaka thelathini. Risasi tatu ni bahati, binti. Hata mlevi hupata tatu. Ukitaka kujua bunduki yako inasema nini, piga kumi, na usiifiche hata moja."

Twyla alijitetea kwamba mtutu ulikuwa mzuri, Duane mwenyewe aliusifu. Orrin aliushika, akautazama ndani kwa mwanga wa dirisha, akakubali kuwa kweli ni mzuri, tena mzuri sana kwa mtu asiye na pesa. Kisha akauliza zile tatu zilipigwa kwa risasi gani, na Alhamisi ilikuwa risasi gani. Twyla aligeuka akalitazama lile sanduku la bei ya chini. Alianza kuelewa.

Walitoka nje. Yadi mia moja kutoka ngazi za nyumba waliegemeza ubao kwenye kilima kidogo cha udongo, wakabandika karatasi. Twyla alilala juu ya blanketi akapiga kumi kutoka sanduku la bei ya chini, polepole, akishusha pumzi kila mara, maana alikuwa akiomba kimoyomoyo mzee awe amekosea. Waliifuata karatasi.

Matundu kumi yalikuwa yametapakaa kama mahindi yaliyomwagwa. Sahani ya chakula isingeyafunika yote. Mawili yalikuwa yamekaribiana hasa, na jingine lilikuwa pembeni kabisa, karibu litoke kwenye karatasi.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Twyla alikuwa amebana senti mwaka mzima apate mtutu wa kuaminika, kisha akaulisha takataka, na wala hakuuonja upishi wake kabla ya kuandaa. Ikiwa kwa yadi mia moja risasi zilitawanyika hivyo, je, kwa mia mbili na ushee? Alhamisi hakulenga chochote. Alirusha tu, na hata angalikuwa koyote kweli, angalimwacha akiburura mguu nyikani siku tatu hadi afe. Wazo hilo lilimuuma kuliko yote. Alikaa chini kwenye matope akalia.

Orrin alimwacha alie. Alipomaliza, alimwambia hataki hela zake. Alitaka kitu kimoja. Alirudi jikoni akatoka na kisahani cha kikombe cha kahawa.

"Kumi zote zikae humu," alisema. "Umbali wowote zinapokaa humu, piga. Zaidi ya hapo, kiumbe chenye roho usikipige. Hata kikiwa na mwana-kondoo wako mdomoni."

"Na nikipata risasi nzuri?"

"Basi tutapima upya. Nitakuja mwenyewe, na Juniper atakuwa mwamuzi."

Walisogeza ubao karibu, wakasogeza tena. Kwenye yadi hamsini, kumi ziliingia ndani ya kisahani, kwa shida. Orrin alipigilia kigingi mahali pale akakifunga kitambaa chekundu. Kutoka kwenye ngazi kilionekana karibu mno, kama mtu angeweza kukirushia kiatu. Twyla alimpa mkono.

"Naahidi," alisema.

Jumatatu alikwenda kwa Duane. Aliirudisha ile kofia kwanza, akasimulia mbele ya wanywa kahawa walewale kilichotokea. Mmoja alicheka akasema mbwa hana biashara kutembea jioni. Duane hakucheka. Twyla alikuwa ameagiza kitako kipya kizuri. Aliifuta oda hiyo, na hela yake ikageuzwa risasi za mashindano. Duane alipekua rafu, zilikuwa zimekwisha. Zingefika Ijumaa.

Kondoo hawakusubiri Ijumaa. Jumanne walizaa sita, na Twyla alilala kwa vipande, na viatu miguuni. Bwana Lindholm alipita kwenye barabara kuu, akapunguza mwendo, akatazama malisho, akaendelea. Haikujulikana ametazama nini. Twyla alilifuata gari lake kwa macho hadi lilipopotea.

Jumatano alfajiri, mwanga ulipokuwa wa rangi ya jivu, alisikia mlio ambao mara hii haukuwa wa kuitana. Alitoka na bunduki. Mbali ng'ambo ya kitambaa chekundu, karibu na uzio uliolegea, kondoo mwenye sikio lililochanika alikuwa amejitenga usiku na kuzaa pacha peke yake. Mmoja alikuwa amesimama kwa miguu inayotetemeka. Wa pili alikuwa bado amelala chini, ana ute. Na hatua chache kutoka kwao, kichwa chini, koyote alikuwa akizunguka.

Twyla alilala chini papo hapo, akaweka jicho kwenye darubini. Alitazama miguu kwanza, yote minne. Alitazama masikio, mdomo mwembamba, mkia ulioning'inia. Hakuwa mbwa wa mtu. Safari hii hapakuwa na shaka hata kidogo. Yadi mia na hamsini, labda na sitini. Upepo ulikuwa umelala.

Kidole kiligusa kifyatulio. Alijua ni laini kiasi gani, alikinunua mwenyewe.

Mawazo yalimjia yote kwa mkupuo. Huenda ikapata. Huenda hii ikawa mojawapo ya yale mawili yaliyokaribiana. Mzee yuko nyuma ya kilima, hataona. Na akisikia mlio, ni nani asiyeelewa? Lakini kondoo mama alikuwa amejibanza kando ya wanawe, na Twyla aliiona ile karatasi juu yao wote, koyote, mama na pacha, matundu kumi yaliyotapakaa kama mahindi, bila kujua lipi kati ya yale kumi lingekuwa la asubuhi hii.

Aliondoa kidole. Akarudisha kizuizi cha kifyatulio, akaiacha bunduki pale chini, akakimbia.

Alikimbia akipiga kelele, akipunga mikono, viatu vikizama kwenye matope. Alikipita kitambaa chekundu na koyote bado alikuwa anamtazama, anapima, kana kwamba naye ana kisahani chake. Kisha akainama, akamnyakua yule aliyelala, akapita chini ya uzio. Hakwenda hata kwa haraka.

Twyla alipofika, kifua kilikuwa kinamuungua. Mama alikuwa akigonga ardhi kwa kwato. Yule wa kwanza alikuwa bado amesimama. Twyla alimfuta kwa mkono wa sweta yake, akamtia ndani ya koti, akahisi moyo wake mdogo ukigonga upesi kuliko wa kwake mwenyewe. Mmoja kashapotea, na wengi zaidi ya thelathini walikuwa bado hawajazaa, na Ijumaa ilikuwa siku mbili mbele. Alisema jambo hilo kwa sauti, akiwaambia kondoo, na halikupungua uzito.

Alianza kurudi nyumbani taratibu, mama akimfuata nyuma huku akilalamika. Alipofika kwenye kigingi aliona kimelala upande. Lazima alikigonga wakati akikimbia. Alisimama. Kwa mkono mmoja akimshikilia mtoto kifuani, alikiinua kwa mkono wa pili, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikasimama imara palepale, yadi hamsini, si hatua moja zaidi.