Rangi ya Njano Uani kwa Anselme

Ghislaine Pradeau aliingia ofisini kwa meya bila kupiga hodi, akatua kopo la rangi ya njano mezani, juu ya makaratasi ya watu, na kiti akakikataa.

"Sichori," alisema. "Tafuteni mwingine."

Meya, Maryse Lachaud, alikuwa mwanamke aliyezoea kulaumiwa hata kahawa haijapoa. Alilisogeza kopo pembeni kwa kidole kimoja. "Na wewe habari za asubuhi, Ghislaine."

"Habari gani, na njia yangu mnaihamisha?"

"Njia ya kijiji."

"Ya kijiji? Miiba anafyeka nani? Kuvu kwenye mawe anakwangua nani ili rangi ishike? Kijiji?"

Hapo hakusema uongo. Tangu astaafu kupeleka barua, Ghislaine ndiye aliyepaka alama zote za bonde la Sauvette: mstari mmoja wa njano, yaani endelea, mistari miwili iliyokatana, yaani si huku. Ilikuwa njia ya starehe, ya wazee na vigari vya watoto, inayofuata mto mwembamba chini ya miti mirefu ya mipopla, wala haina mlima wowote ila mgongo wa daraja. Watu huimaliza hata njaa hawana, na bado hukaa chini wakafungua soseji, jibini na mvinyo kana kwamba wametoka vitani. Sasa kamati ya kijiji ilikuwa imekata shauri njia ivuke daraja na kufuata ukingo wa pili, ipite mbele ya mgahawa mpya. Kule ilikopita siku zote, uani kwa Anselme Courtioux, ipakwe alama ya kukataza. Na wa kuipaka awe yeye.

"Mwenye mgahawa anataka wateja, hilo naliona, mimi si kipofu," Ghislaine alisema. "Lakini Anselme je? Mke kafa, watoto wako Lyon. Anayemtolea salamu ni mtembezi tu. Mnamzika mzima mzima, Maryse, na jembe mnanipa mimi."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Nimempelekea barua tangu hana mvi."

"Basi kamuulize." Meya alimrudishia kopo mkononi. "Na ukirudi, piga hodi."

Ghislaine aliendesha gari mpaka kwenye kinu cha zamani cha maji, akaliacha hapo, akashika njia kwa miguu huku anafoka peke yake. Kumuuliza! Watu wa ofisini wakikosa jibu hukutuma kwa mtu mwingine ili hasira ikupoe njiani. Yake haikupoa. Wanandoa wawili wenye fimbo za kutembelea walimsalimu, akawaitikia kwa pua. Kila alipopita alama yake, juu ya nguzo, juu ya jiwe, alizidi kupandwa na hasira, kwa sababu zilikuwa zimenyooka vizuri na hakuna aliyemwambia ahsante.

Kwa Anselme mbwa alibweka, kama kawaida, kutoka pembeni mwa banda la kuni. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini anamenya maharage. Hakuinuka.

"Anselme, nimekuja kukutetea."

"Kwani nani kanishtaki, Mama Posta?"

Akamweleza yote, mgahawa, kamati, na meya asiye na haya. Maharage yaliendelea kudondoka ndani ya bakuli.

"Umemaliza?" Anselme aliuliza.

"Bado."

"Basi nikusaidie. Niliyeomba ni mimi."

Ghislaine alitafuta pa kukaa. Benchi lilikuwepo, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba liletwe, lakini lilitazama mtoni na mlango wa Anselme lilikuwa limeupa mgongo. Akabaki amesimama.

"Nilikwenda kwa Maryse kwa miguu yangu," mzee alisema. "Nimevaa koti la mazishi, anione sina mzaha."

"Lakini watu wanakusalimia."

"Wanasalimia na ng'ombe. Wanachungulia dirishani, 'oneni jiko la zamani,' nami nimo ndani nakunywa supu yangu. Chupi zangu kwenye kamba wanazipiga picha. Plamu alizopanda marehemu mke wangu Yvonne wanazila, kokwa wanatemea hapa nilipokaa. Nikinuna, mzee ana roho mbaya."

"Ungeniambia, bwana."

"Lini? Wewe unakuja na brashi, unapaka, unasema hujambo Anselme umenipa kisogo, huyoo unaondoka. Siku moja tu ulisimama. Unakumbuka ulikuja na neno gani?"

Hakukumbuka.

"Mbwa," Anselme alisema.

Ndipo ikamjia. Mtembezi mmoja alikuwa amelalamika kwamba Filou kamkimbilia, na Ghislaine akaja kuomba, kwa ile sauti yake nzuri ya kupelekea vifurushi, kwamba mbwa afungwe Jumapili. Jumapili tu.

"Kisha wakaanza kuja Jumamosi," mzee alisema. "Kisha likizo. Kisha kila siku ya Mungu. Tazama pale chini."

Kuzunguka banda ardhi ilikuwa tupu, imekanyagwa duara zima, na duara liliishia pale mnyororo ulipoishia. Ghislaine alikuwa amepita hapo kila msimu na rangi yake. Hakuwa ameliona.

"Hakumng'ata mtu. Alikuwa kwao tu. Na mimi niko kwetu."

Hasira ya Ghislaine ilikuwa nzima bado, ila haikuwa tena na pa kutua. Alifungua kopo, akaenda kwenye mti wa jozi langoni, akapaka mistari miwili iliyokatana juu ya ule mmoja wa zamani.

"Nene zaidi," Anselme alisema kutoka mlangoni. "Wengine hawaoni vizuri."

Akanenepesha. Akafuta brashi, akafunga kopo, akaanza kukatiza ua kurudi mtoni alikotokea.

"Ghislaine. Umechora nini pale?"

"Si ulichotaka?"

"Kinasemaje?"

"Si huku."

"Haya."

"Anselme, gari langu liko kinuni."

"Najua liliko. Barabara ipo."

Akazunguka kwa barabara ya lami, jua la utosi, kopo likimgonga paja. Yeye, aliyeingia kila ua wa bonde hili maisha yake yote, anafukuzwa kwa rangi yake mwenyewe! Alimkasirikia Anselme mpaka kwenye kona, kisha akamkasirikia mtu mwingine, na huyo ndiye aliyekuwa amebeba kopo.

Filou alibweka kule chini. Ghislaine hakugeuka, maana sauti ile aliijua, ya pembeni mwa banda la kuni. Kisha ikatokea kwenye mti wa jozi. Kisha majini. Kisha mbali kabisa, karibu na kinu, na ikarudi tena mbio kufuata mto. Alisimama katikati ya lami na kopo lake, akaisikiliza inavyohama.