Theluji Imekwenda Kent

Usijifanye hukuuona ule ujumbe. Uliuona. Saa kumi na dakika tano alasiri, Jumanne ile ya Februari, simu yako ilitikisika mezani ukaichukua, ukasoma: "Wapendwa, kuna ndugu yetu katoka hospitali, mapafu bado, hana pa kulala usiku wa leo. Mwenye nafasi tafadhali." Ukausoma, ukaupita, ukaenda kutazama video ya mtoto wa watu kavaa buti na glavu, analia bustanini kwa sababu theluji aliyoahidiwa haikuja. Hapo ndipo ulipopata maneno. Uliandika: "Pole baba, watabiri wametudanganya wote."

Aliyeutuma ule ujumbe ni Generosa, mwanamke wa Muleba, mjane, mtunza funguo za ukumbi mmoja kule Thamesmead, London. Ni ukumbi wa kukodisha: leo ubatizo, kesho kina mama wanaruka zumba, mazoezi ya muziki. Lakini shirika lenye ukumbi lilikuwa na utaratibu wake wa huruma. Theluji ikitabiriwa, magodoro ishirini yanatolewa stoo, mlango unafunguliwa kwa wasio na makazi, na hakuna anayeulizwa karatasi. Isipotabiriwa, magodoro yanabaki stoo. Mvua haihesabiwi, wala upepo. Lazima kushuke kitu cheupe ndipo mtu aonekane ana baridi.

Wiki nzima redio na televisheni ziliimba theluji tu. Inatoka Urusi, inakuja, itafika London Jumanne mchana, shule zijiandae. Watu wakagombea mikate madukani kana kwamba wanazingirwa na jeshi. Lakini hakuna aliyeifuatilia theluji ile kama Ulimboka. Kwake yeye ilikuwa kitanda. Miaka kumi na tisa alipakia mizigo ya watu uwanja wa ndege, akipanga chumba Hounslow. Mgongo ukamshinda, kazi ikaisha, kibali nacho kikaisha, na kila nyumba ya kuwahifadhi watu ikataka kwanza kuona kibali. Ijumaa alitoka hospitali na nimonia iliyopoa nusu. Daktari alimwambia asilale penye ubichi. Alimwambia kwa upole sana, kisha akamwonyesha kituo cha basi. Siku nne alilala ndani ya mabasi ya usiku akizungushwa mjini kama kifurushi kisicho na mwenyewe, na Jumanne nauli ikakata.

Saa saba mchana alikuwa ukumbini, anamsaidia Generosa kutandika.

"Mama Valeria, hili la karibu na hita nimelichumbia. Asilisogelee mtu."

"Mtu wa Tukuyu unataka hita ya nini? Si mnazaliwa ndani ya ukungu nyie?"

"Kwetu kuna ukungu, lakini kuna na ndizi za kuchoma. Hapa kuna ukungu na Wahaya. Nitashiba Kiingereza chenu?"

Wakacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akakaa juu ya godoro lake, mkono ubavuni, akingoja kimwachie.

Saa tisa na nusu ikapigwa simu. Alikuwa Lata, meneja wa shirika, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Mwanza na ambaye Kiswahili cha dukani kwa baba yake hakijamtoka mpaka leo.

"Generosa, umetazama hali ya hewa? Theluji imekwenda Kent."

"Lakini mama, hapa inanyesha mvua ya kukata masikio."

"Mvua si theluji, dada. Digrii moja juu ya sifuri. Bima yetu inataja theluji. Rudisha magodoro, asubuhi kuna zumba."

"Yuko mmoja tu, mama. Mgonjwa. Nitakesha naye mwenyewe."

"Leo mmoja, kesho mia. Na hizo funguo, kama zimekuwa nzito, sema tu. Wanaozitaka wapo."

Generosa akajibu sawa. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake Valeria.

Ulimboka alikuwa amesikia. Aliinuka, akaanza kukunja mablanketi, pembe kwa pembe, kama ya hotelini. Akayabeba magodoro yote ishirini hadi stoo, moja moja, na mgongo ule ule uliomfukuzisha kazi, kwa kuwa Generosa alikuwa amesimama dirishani na simu sikioni. La karibu na hita alilibeba la mwisho.

Generosa alikuwa akimpigia Mzee Soud, mwenyekiti wa chama cha Watanzania, mwenye nyumba Hounslow na vyumba vitatu vitupu tangu watoto walipooa.

"Shikamoo mzee. Nina ndugu yetu hapa..."

"Marahaba mwanangu. Umeiona hiyo theluji? Wallahi nimenunua koleo mbili na gunia zima la chumvi ya kumwaga mlangoni! Sasa n'lifanyeje? Tumefanywa watoto."

"Ni Ulimboka, mzee. Mapafu. Usiku mmoja tu."

"Yule Mnyakyusa? Ah! Mtu wa Tukuyu huyo, baridi kaijua tangu tumboni mwa mamake. Na theluji yenyewe haikuja, sasa dharura i wapi? Vyumba nimevipaka rangi juzi, harufu itamdhuru. Mwambie ajaribu kanisani."

Soud huyu huyu alishushwa London akiwa na miaka tisa, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, yeye na mama yake na sanduku moja lililofungwa kamba. Fundi cherehani wa Kingsbury aliyeitwa Praful, ambaye hakuwahi kuwaona maishani, aliwakuta wanasoma anwani isiyokuwepo, akawachukua, akawatandikia sebuleni kwake. Wakakaa miezi saba. Praful hakuinua macho kwanza atazame mbinguni kunashuka nini. Soud kayasahau hayo. Yenyewe hayajamsahau.

Ndipo Generosa alipotuma ule ujumbe kwenye kundi lenye watu mia na themanini. Zilirudi picha tano za mikono inayoomba. Baada yake zikafuata picha za bustani zisizo na theluji, na watu wazima wakinung'unika kwamba kesho watalazimika kwenda kazini.

Na Generosa mwenyewe? Alikuwa na kochi. Usimtetee. Kochi refu, ghorofa ya nne, dakika sita kwa miguu kutoka ukumbini. Lakini mjane kulaza mwanamume, kina mama wa jumuiya wangesemaje Jumapili? Aliomba kochi la kila mtu katika jiji zima, akaliruka lake.

"Basi, Mama Valeria, umehangaika vya kutosha," Ulimboka alisema, akivuta zipu ya koti hadi kidevuni.

"Kesho uje mapema. Nitakupikia uji."

"Wa ulezi?"

"Wa ulezi."

"Basi nitakuja."

Akafunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mvua ilikuwa ile nzito, nusu maji nusu barafu, inayoingia kwenye kola na kuteremka uti wa mgongo.

Dereva wa basi la kwanza la alfajiri alimkuta kituoni, kaketi wima, begi mapajani, kalowa mpaka soksi. Alimwita mara mbili apande.

Ndani ya saa moja kundi zima lilikuwa linalia. Waliolala usingizi wa pono jana, leo kila mmoja alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Soud akarekodi sauti: "Waungwana, ndugu yetu hatumwachi katika nchi ya baridi. Mwili lazima ufike Tukuyu." Ukafika. Kabla ya magharibi jeneza lilikuwa limepatikana, na ndege, na wa kuusindikiza, na fulana nyeupe zenye picha yake. Aliye hai kwetu hukosa godoro. Maiti wetu hakosi nauli.

Jumamosi wakafanya matanga, pale pale ukumbini. Lata aliutoa bure kwa heshima ya marehemu, akaagiza hita ziwashwe zote. Nje jua lilikuwa linawaka. Ndani watu mia na hamsini walivua makoti, kina mama wakajipepea kwa karatasi zenye picha ya Ulimboka, pilau likapita, kuku wakapita.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama na sahani yake mkononi. Placida jina lake. Alikuwa akimuuguza bibi mmoja wa Kizungu na kulala humo humo kwa bibi. Jumatatu bibi akafariki, Alhamisi watoto wa bibi wakabadilisha kitasa.

"Jamani, mnisamehe kusema msibani. Sina pa kuweka ubavu. Siku nne tu, nimepata kazi nyingine. Hata sakafuni."

Vijiko vikasimama. Watu wakayatazama mapaja ya kuku kana kwamba yameandikwa kitu.

"Mwanangu," Soud akasema, "leo tuna msiba. Kila jambo na siku yake."

Valeria, binti wa Generosa, ana miaka kumi na sita. Kiswahili anakisikia chote, hujibu kwa Kiingereza. Akasema kwa Kiingereza chake, meza nzima ikasikia: "Mama, si tuna kochi?"

Generosa akapeleka mkono chini ya meza akamfinya paja. Akamfinya kwa kucha, akazungusha.

Placida ameweka sahani chini. Anavaa koti, mkono mmoja umeshaingia, wa pili unatafuta njia. Toka pale aliposimama mpaka mlangoni ni hatua ishirini, na wewe umekaa njiani. Una chumba kile ulichojaza masanduku ya nguo za kupeleka nyumbani. Una kitanda ambacho hakijalaliwa tangu harusi ya mdogo wako. Teremsha hayo masanduku. Acha pilau lipoe. Usimwambie pole, usimwombee, usimuulize ni wa wapi wala kesho kutanyesha nini. Inuka, mshikie begi lake, mwambie, "Twende nyumbani." Inuka sasa hivi, keshafika mlangoni.