Nusu Dakika Gizani

Hasira zangu ziko karibu, kituoni kila mtu anajua. Kwa hiyo Kidevu, askari mwenzangu, aliponiambia, "Dada, leo wewe ndiye mlevi," nilimjibu mlevi ni baba yake. Darasa zima likacheka.

Ulikuwa utaratibu tu. Sisi askari wa barabarani tulikuwa chuoni tunafundishwa kumtambua dereva aliyetumia dawa, yule asiyenuka pombe, na kila asubuhi mmoja wetu alijifanya dereva, wenzake wakampima. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya koni za barabarani, dirisha limezibwa kwa maboksi. Mkufunzi, mzee mpole, alizima taa, tukakaa kimya mpaka macho yakazoea giza.

"Simama wima, inua kichwa, fumba macho. Ukiona nusu dakika imepita, fumbua useme."

Nikahesabu moyoni kwa makini, nisije nikawapa cha kunicheka. Nilipofumbua hakuna aliyecheka. Kidevu alikuwa ameshika saa, ananitazama kama aliyeona maiti ikipiga chafya.

"Umepitiliza, dada. Sana."

"Acha utani wako!"

Mkufunzi akasogea, tochi ameifunika kwa kidole, ikabaki nuru kidogo tu. Akaniangalia jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza.

"Mwanangu," akasema taratibu, "gizani mboni za macho hupanuka. Zako ni tundu la sindano. Umekunywa nini?"

"Mimi? Hata sigara sijawahi kugusa! Nimekunywa chai ya mama yangu, basi!" Nilifoka mpaka sauti ikakwaruza. Halafu nikajaribu kukumbuka nilivyofika. Nilikumbuka kuwasha gari nyumbani, nikakumbuka geti la chuo. Katikati hapakuwa na kitu. Nikaogopa, tena vibaya.

"Chai hiyo anakunywa nani mwingine?"

"Mwanangu." Nikapapasa funguo za gari mfukoni. "Leo hajaenda shule. Bibi yake kasema bado ana usingizi."

Mkufunzi akanyoosha mkono, nikampa funguo bila ubishi. Aliendesha yeye.

Mapazia ya nyumbani yalikuwa yamefungwa, na jua lote lile nje. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nikamuuliza anatia nini kwenye chai. Hata hakushtuka.

"Ile dawa ya maumivu ya marehemu baba yako, iliyobaki. Kijiko tu. Tangu uende kwenye ile ajali ya lori unapiga mayowe usiku kucha, mtoto naye anaamka analia. Sasa si mnalala?" Akatabasamu. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Mama! Na mtoto umempa?"

"Leo nimemwongezea kidogo. Alikuwa anasumbua."

Nikaingia chumbani. Mwanangu alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, anatazama dari. Nikammulika kwa tochi ya simu. Mboni zilikuwa nukta mbili nyeusi, hazikutikisika. Nilipaswa kumbeba palepale, lakini nilitaka mno kuambiwa nimekosea.

"Baba, fumba macho. Nusu dakika ikiisha, mwambie mama."

Akafumba. Nikahesabu, nikamaliza. Nikaanza upya, nikamaliza tena. Nyumba nzima ilikuwa kimya, nasikia tu mama akikung'uta shuka sebuleni. Kisha akachungulia mlangoni.

"Unaona alivyotulia?" akaninong'oneza, kwa furaha kabisa.

Nikambeba mwanangu, shingo yake inalegea mkononi mwangu, nikapita mbele ya mama bila neno, mimi na mdomo wangu wote huu. Mkufunzi aliponiona aliwasha gari, akabonyeza honi mpaka barabara kuu. Nilimpigapiga mtoto mashavu, nikamwita, nikamfinya, nikamwomba Mungu kwa sauti. Hospitali ilikuwa imeshaonekana pale midomo yake ilipocheza begani mwangu.

"Mama," akasema, macho bado kayafumba, "imeisha."